Mlo wa Stoo Umeme Ukikatika: Mwongozo wa Kupika Gizani kama Walivyopika Mama Zetu

Katika nyumba nyingi za Uganda, mjini na kijijini, moto wa kupikia ni wa mkaa au wa kuni, kwa hiyo umeme ukikatika moto hauondoki nao. Kinachoondoka ni mwanga, ubaridi wa friji, mashine ya kusaga pale senta, na mara nyingine hata maji ya bomba, kwa kuwa pampu zinazoyasukuma nazo hutegemea umeme. Waliolelewa miaka ya 2005 na 2006, wakati maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mitambo ya Jinja, yaani ile ya Nalubaale iliyofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls na ile ya Kiira iliyo jirani yake, ikashindwa kutoa umeme wa kutosha, wanaukumbuka vizuri mgao uliowapa watu wa mtaa mmoja umeme jioni ya leo na kuwanyima jioni ya kesho. Bwawa la Bujagali liliongezwa mwaka 2012, na la Karuma likazinduliwa mwaka 2024, lakini upepo wa mvua bado huangusha nguzo na transfoma bado huungua, na mlo wa jioni zile wengi wetu bado tunautamani hata taa zikiwa zinawaka.

Mlo wenyewe ni mchuzi wa karanga wenye mukene, wale samaki wadogo waliokaushwa, ukaliwa kwa posho, yaani ugali wa mahindi. Siri yake ilikuwa katika mpangilio wa kazi: kila kilichohitaji macho kilimalizwa kabla ya jua kuzama, na usiku ukaachiwa zile kazi zinazoamuliwa kwa pua, kwa sikio na kwa mkono. Anayeufuata mpangilio huo hatahitaji mwanga mwingi jikoni, wala hatakula mchanga.

Hatua ya kwanza: kuijaza stoo

Chagua vitu vinavyokaa bila friji na vinavyoiva kwa moto mdogo. Unga wa mahindi uwe wa siku kadhaa mbele, kwa sababu siku umeme unapokosekana mashine ya kusaga nayo imelala, na dukani unga hupanda bei au huisha. Nunua karanga zikiwa punje badala ya unga. Wauzaji wa unga wa karanga wapo kila soko, na unga wao ni rahisi kutumia, lakini katika unga huwezi kuona ni punje zipi zilikuwa zimeoza. Karanga iliyoota ukungu inaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa, na dawa yake pekee ni kuitupa punje hiyo kabla haijafika kinuni.

Mukene wakavu, hao hao ambao Watanzania huwaita dagaa na Wakenya omena, wawekwe kwenye ndoo au kopo lenye mfuniko unaobana, mahali pakavu. Wakinunuliwa, tafuta waliokaushwa juu ya chanja au wavu. Waliokaushwa chini ufukweni ni wa bei nafuu, ila watakudai maji mengi ya kuwaosha siku ambayo huenda bomba nalo limekauka. Maharage, ama yawe nambale ama kanyebwa, ni bora yakiwa ya msimu uliopita tu, kwani kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyokataa kuiva. Ongeza chumvi, vitunguu, nyanya, mafuta kidogo, na jerikeni mbili za maji safi zilizojaa wakati wote. Kwa familia zenye ndugu Teso, huu ndio wakati wa kuwakumbusha watume amukeke, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani wakati wa kiangazi mpaka vikakauka kabisa. Vikikingwa na unyevu na wadudu, hukaa miezi.

Hatua ya pili: kazi ya macho, kabla ya saa moja jioni

Uganda ikiwa juu ya mstari wa ikweta, jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na giza huingia upesi. Kwa hiyo umeme ukikatika saa kumi alasiri, usisubiri kuona kama utarudi. Toa ungo, kaa barazani, na anza kuchagua.

Anza na karanga. Tandaza punje kwenye ungo mweupe au sinia, uzipitie kwa vidole, uondoe zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zenye unga wa kijani au mweusi, na zile zenye harufu ya uchungu. Watoto wanaweza kusaidia, lakini mtu mzima azipitie mara ya mwisho. Kisha zitwangwe kinuni mbichi, bila kukaangwa, ukiwa unataka mchuzi wa rangi ya waridi kama wa Buganda. Au zikaangwe kwanza na kumenywa ukiwa unapenda mchuzi wa kahawia wenye harufu nzito. Katika mwongozo huu ninatumia mbichi, kwani ndizo zilizozoeleka zaidi katika mlo wa mgao. Twanga kidogo kidogo, na uchekeche, kwani unga wenye chembe kubwa hautashikana na maji vizuri. Kwa watu sita vikombe viwili vya unga vinatosha.

Mukene ndio kazi inayodharauliwa, na ndiyo inayoharibu mlo ikifanywa ovyo. Chukua kikombe kimoja kilichojaa. Mkate kila mmoja kichwa kwa ukucha wa kidole gumba, ukivuta na matumbo yaliyokauka, kwa sababu hayo ndiyo yenye uchungu. Watie kwenye beseni lenye maji ya vuguvugu, uwasugue taratibu kwa viganja, halafu uwaache watulie kwa muda mfupi ili mchanga ushuke. Sasa, na hapa wengi hukosea, usimimine maji pamoja nao kwenye chujio, kwa maana mchanga ulioshuka utawarudia. Watoe kwa mkono kutoka juu, uwahamishie kwenye beseni la pili, kisha uguse sakafu ya beseni la kwanza kwa ncha za vidole. Ukihisi chembe, rudia. Mara ya tatu au ya nne vidole havitahisi kitu, na hapo ndipo wamekuwa safi. Wakamue maji, uwakaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta, ukiwageuza bila kukoma, mpaka wagonge kikaango kwa mlio mkavu kama wa kokoto. Waliokaangwa hivi hawameguki katika mchuzi, na harufu ile ya ziwa ambayo watoto huikimbia hupungua.

Maliza kwa kukata vitunguu na nyanya, kupima unga wa posho kwenye bakuli, na kuweka chumvi, mwiko na kitambaa cha kushikia sufuria mahali pamoja. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini anayetafuta kitambaa gizani huku posho inaungua hulijua umuhimu wake.

Hatua ya tatu: sigiri na taa

Sigiri, yaani jiko la mkaa, iwashwe nje, barazani au uani, mdomo wake ukiuelekea upepo. Panga mkaa mdogo chini na mkubwa juu, uache nafasi ya hewa katikati, na utumie magunzi makavu au majani makavu ya mgomba kuwashia. Wapo wanaowasha kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki. Acha tabia hiyo: moshi wa plastiki ni sumu, na mabaki yake hudondokea kwenye mkaa utakaopikia. Usiweke sufuria mpaka mkaa wote umeshika na kuanza kufunikwa na jivu jepesi la kijivu.

Mvua ikinyesha, shawishi la kuiingiza sigiri ndani ni kubwa, na mkaa usio na moshi humfanya mtu aamini kuwa hauna madhara. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlevya aliye ndani ya chumba kilichofungwa na inaweza kumuua akiwa usingizini. Pikia penye paa lakini pasipo na kuta zote nne, na usilale chumba kimoja na sigiri yenye makaa hai, hata yakiwa machache na baridi ni kali, kama ilivyo Kabale.

Kuhusu mwanga, tadooba, yaani kibatari cha mafuta ya taa, ina nafasi yake katika kumbukumbu, na sioni sababu ya kuirudisha mezani. Moshi wake huumiza kifua, mafuta ya taa humwagika, na ndimi zake ziko wazi kwa kila mtoto anayepita. Taa ndogo ya sola iliyoachwa juani mchana hufanya kazi bora zaidi. Itundike mbele yako, ng'ambo ya sufuria, na juu kidogo ya kichwa. Ikiwa nyuma yako kivuli chako kitaifunika sufuria yote.

Hatua ya nne: mchuzi wa karanga

Kwenye sigiri moja, mchuzi hutangulia na posho hufuata, kwa sababu mchuzi huhifadhi joto lake na posho hupoa haraka.

Weka unga wa karanga kwenye sufuria baridi, na uongeze maji baridi kikombe kimoja kwanza, ukikoroga kwa mwiko mpaka upate uji mzito usio na madonge. Ndipo umimine vikombe vinne vilivyobaki, ukiendelea kukoroga. Maji ya moto yakitangulia, unga hushikana vipandevipande, na madonge hayo hayatapona tena, hasa katika giza ambamo huwezi kuyaona ili uyaponde. Tia vitunguu na nyanya, uinjike sufuria, na usiondoke hapo. Mchuzi wa karanga hufura ghafla unapoanza kuchemka, na ukimwagikia mkaa umepoteza chakula na moto kwa pamoja. Usiufunike kabisa, mfuniko ukae upande.

Ukishachemka, punguza moto kwa kuziba mlango wa sigiri nusu au kwa kusogeza makaa pembeni, uache uive taratibu kwa nusu saa hadi dakika arobaini, ukikoroga kila baada ya muda mfupi na kukwangua chini. Sasa sikiliza. Mwanzoni mchuzi hutokota kwa mlio mwepesi wa haraka, kama maji tu. Unapokaribia kuiva, mapovu huwa mazito na machache, kila moja likipasuka peke yake. Pua nayo itakuambia: harufu ya karanga mbichi, inayofanana na ya maharage mabichi, huondoka, na inayobaki ni tamu yenye mafuta. Ukipata mwanga kidogo utaona matone ya mafuta yameanza kuelea pembeni mwa sufuria. Hapo ndipo unatia mukene na chumvi, unauacha dakika kumi za mwisho, na kuuonja. Chumvi usiitie mapema. Mukene wengine huja na chumvi yao, na mchuzi ukizidi kupungua ladha yake huwa kali.

Ukiwa mzito kuliko unavyopenda, ongeza maji ya moto, si ya baridi, na uuache uchemke tena. Ipua, funika, uzungushie kitambaa kizito au blanketi kuukuu, uuweke mbali na njia ya watoto.

Hatua ya tano: posho

Chochea sigiri, uongeze mkaa kidogo. Kwa watu sita chemsha vikombe sita vya maji, na uwe na vikombe vitatu au zaidi kidogo vya unga. Nyunyizia unga kiasi kwanza, uache uchemke kama uji kwa dakika chache, kisha uongeze uliobaki huku ukisonga kwa nguvu ukiukandamiza kwenye ukuta wa sufuria. Posho iliyoiva huachana na sufuria, haiachi unga kidoleni ukiigusa kwa mkono uliolowa maji, na haina tena harufu ya unga mbichi. Kazi hii mtu aliyezoea huifanya akiwa amefumba macho, na ndiyo maana ilikuwa sahihi kuiacha iwe ya mwisho.

Ukiwa na unga wa muhogo wa kuchanganyia, hakikisha unatoka kwa mtu unayemwamini. Mihogo michungu ina sumu ya sayanidi inayopungua tu ikiwa imevundikwa na kukaushwa ipasavyo kabla ya kusagwa.

Vyakula vya sufuria moja

Usiku ambao hakuna nguvu ya kusonga, katogo hutosha. Kwa kawaida ni matoke yaliyopikwa pamoja na utumbo, karanga au maharage, lakini muhogo nao hufaa. Kwa katogo ya maharage, loweka maharage tangu asubuhi, umwage maji hayo, na uyachemshe kwa maji mapya. Kwanza yachemke kwa nguvu kwa dakika kumi kamili, kwani maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha yana kitu kinachochafua tumbo vibaya. Jua pia kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo: Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, huchemka karibu nyuzi 96, na milimani kusini-magharibi chini ya hapo. Ndiyo sababu maharage yale yale humchosha zaidi mpishi wa Kabale kuliko wa Mombasa. Wengine hutia magadi kidogo ili yalainike. Yatie kwa ncha ya kijiko tu, kwa kuwa yakizidi huacha ladha ya sabuni.

Ili kuokoa mkaa, maharage yaliyokwisha kuchemka kwa nusu saa yanaweza kuondolewa motoni yakiwa yamefunikwa vizuri, sufuria ikazungushiwa majani ya mgomba na blanketi na kuwekwa ndani ya kapu au boksi. Yataendelea kulainika yenyewe huku sigiri ikifanya kazi nyingine. Baada ya saa mbili yarudishe motoni, ubonyeze moja kati ya vidole viwili; likipondeka bila kiini kigumu, tia matoke yaliyomenywa au vipande vya muhogo, vitunguu, nyanya na chumvi, maji yafunike kidogo tu, na uache mpaka kila kitu kilainike. Usikoroge sana, maana matoke huvunjika yakawa uji.

Amukeke ni rahisi zaidi. Vioshe vipande, uvichemshe kwa maji mengi mpaka vilainike, umwage maji yaliyozidi, kisha uchanganye na karanga au ufuta uliosagwa laini. Wengine huongeza maji ya ukwaju, na uchachu wake hukaa vizuri na utamu wa viazi. Mtu asiyewahi kukila hukishangaa rangi yake ya kahawia gizani, halafu huomba kuongezwa.

Na kuna jioni ambazo hata kuwasha moto ni taabu, labda mvua imelowesha mkaa. Watu wa Ankole wana eshabwe, samli ya kienyeji inayokorogwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na magadi kidogo na chumvi, mpaka igeuke nyeupe na laini, ikachujwa na kuliwa na kalo, yaani ugali wa wimbi, au viazi vilivyobaki mchana. Kaskazini, Acholi na Lango, kopo la odii, yaani karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa pamoja mpaka vikatoa mafuta, hufanya kazi hiyo hiyo, na kwa kuwa halina maji ndani yake hukaa wiki kadhaa likifunikwa vizuri. Chovya kwa kijiko kikavu siku zote.

Friji na mabaki

Umeme ukikatika, usifungue friji kila mara kuona kama vitu vimeharibika. Kila ukifungua unaharakisha. Friji iliyofungwa huhifadhi chakula kwa usalama kwa karibu saa nne, na friza iliyojaa kwa karibu saa 48, au 24 ikiwa imejaa nusu. Kwa hiyo nyama, samaki na maziwa yaliyo kwenye friji ndivyo vya kupikwa usiku huo wa kwanza, kabla ya kugusa stoo. Nyama hiyo inaweza kuingia kwenye katogo badala ya utumbo. Maziwa yachemshwe na kunywewa yote.

Posho iliyobaki ifunikwe vizuri, na asubuhi ikatwe vipande na kuchomwa juu ya makaa mpaka ishike ganda jembamba la dhahabu, iliwe na chai ya rangi. Wali uliopikwa usilazwe nje ya friji, hata ukionekana mzuri. Mchuzi wa karanga ni bora umalizike usiku ule ule, maana huchacha upesi katika joto letu. Pika kiasi kinacholiwa. Ukibaki kidogo, uchemshwe mara moja kabla ya kulala, ufunikwe, na alfajiri uchemshwe tena mpaka utoe mapovu katikati kabla mtu hajaugusa. Ukifunua sufuria ukaukuta una povu ukiwa baridi, au una harufu ya uchachu, umwage bila kuuonja.